Plau ya diski ya zamani kwenye trekta la zamani: namna ya kuifunga na kuiweka sawa

 

Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka, vikundi vya wakulima huja ofisini na swali lile lile: "Tumepewa trekta la zamani, na kuna plau imelala nyuma ya ghala. Tunaweza kuifunga wenyewe?" Jibu ni ndiyo, mnaweza. Kazi hiyo haihitaji injinia. Inahitaji subira, spana chache, watu wawili wanaosikilizana, na kujua ni hatua zipi huwezi kuziruka.

Somo hili ni kwa ajili yako uliyepata kipande cha ardhi hapa Louisville, Columbus au Buffalo, peke yako au na wenzako. Huenda unalima kwenye mradi wa wakimbizi kama Common Earth Gardens ya Louisville, iliyo chini ya Catholic Charities, au Providence Farm Collective ya Orchard Park, karibu na Buffalo, ambayo ilianza na wakulima Wabantu wa Somalia. Huenda pia mmekodi ekari mbili kwa mzee Mmarekani ambaye watoto wake hawataki tena kulima. Wengi wetu tulilima kwa jembe la mkono, Kivu, Kigoma, Ruyigi, au kando ya mto Juba. Ardhi na mbegu tunazijua. Chuma hiki ndicho kigeni kwa baadhi yetu.

Jambo moja nalisema mapema. Trekta la zamani linaua. Hatukupita vita, mipaka na miaka ya kambini ili tuje kufa chini ya trekta kwa sababu ya haraka ya asubuhi moja. Basi soma mpaka mwisho kabla ya kushika spana.

1. IJUE PLAU YAKO

Plau ya diski ni fremu nzito ya chuma iliyobeba diski mbili, tatu au zaidi. Diski ni kama sahani kubwa yenye tumbo, na kwa kawaida upana wake ni inchi 24 hadi 28, yaani sentimita 61 hadi 71. Kila diski huzunguka kwenye beringi zake. Karibu na kila diski kuna kikwangulio, kipande cha bati nene kinachokwangua udongo unaoganda na kusaidia kuugeuza. Nyuma kabisa kuna gurudumu la chuma lililolala kidogo upande. Usilidharau gurudumu hilo, tutarudi kwake.

Usiichanganye plau na haro. Haro ina diski ndogo nyingi zilizopangwa kwenye shafti moja, na kazi yake ni kuvunja mabonge baada ya plau kupita.

Plau ya diski ina tofauti moja kubwa na plau ya jembe lenye ncha. Ile ya ncha hujivuta yenyewe kuingia ardhini. Ya diski huingia kwa uzito wake na kwa pembe za diski. Ndiyo maana hutengenezwa nzito, na ndiyo maana ikigoma kuingia, mara nyingi tatizo ni uzito au pembe, na nguvu ya trekta haina kosa.

Ubora wake ni kwamba ikikutana na jiwe au mzizi, diski huzunguka na kupanda juu yake badala ya kukwama. Kwa hiyo inafaa udongo mgumu, mkavu, wenye mawe au visiki. Udhaifu wake ni kwamba haifuniki majani vizuri kama plau ya ncha. Kama shamba lako ni nyasi nzito kwenye udongo laini, uliza kwanza kama kuna plau ya ncha ya kuazima.

Historia ya kwetu inatufundisha hapa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, kuanzia Kongwa. Walileta matrekta mengi, mengine mabaki ya vita. Udongo wa Kongwa ulikuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, na mchanga wake mkali ulikula vyuma vya kulimia. Mwaka 1951 mradi ukafungwa. Mashine zilikuwa nyingi, lakini hazikulingana na udongo. Anza na udongo wako, kisha uchague chombo.

2. JE, TREKTA LENU LINAFAA?

Matrekta ya zamani mtakayokutana nayo mara nyingi huku ni Ford 8N, lililotengenezwa kati ya 1947 na 1952, na Massey Ferguson 35 au 135 za miaka ya 1960. Massey Ferguson wengi wenu mnaifahamu kutoka nyumbani. Yote haya yana mikono mitatu nyuma: miwili ya chini na mmoja wa juu. Mfumo huo ulienezwa na Harry Ferguson, na plau yako inahitaji mikono hiyo mitatu.

Hapa Louisville kuna trekta lingine la zamani linalouzwa sana, Farmall Cub. Lilitengenezwa papa hapa mjini, kwenye kiwanda cha International Harvester, kuanzia 1947. Ni trekta zuri kwa palizi, lakini nguvu zake ni kama za farasi 10 tu, na halikutengenezwa na mikono mitatu. Usinunue Cub ukitegemea livute plau ya diski.

Nguvu ya trekta ndiyo huamua idadi ya diski. Ford 8N haifiki nguvu za farasi 30. Lipe diski mbili, basi. Massey Ferguson 135 lina nguvu zaidi, lakini kwenye udongo mgumu wa mfinyanzi anza na mbili vilevile. Kama plau yenu ina diski tatu, nyingi hukuruhusu kufungua ile ya nyuma na kuiweka kando.

Pima pini kabla ya kulipa. Matrekta madogo hutumia kipimo kinachoitwa Category 1: pini za mikono ya chini zina unene wa inchi 7/8 (milimita 22), na pini ya juu inchi 3/4 (milimita 19). Makubwa zaidi hutumia Category 2: chini inchi 1 na 1/8, juu inchi 1. Plau ya Category 1 inaweza kufungwa kwenye trekta la Category 2 kwa kuweka bushi ndani ya matundu ya mikono, na bushi ni za bei ndogo. Kinyume chake, pini nene haiingii kwenye tundu dogo. Msikubali mtu awaambie "toboeni tu tundu liwe kubwa". Mkono uliotobolewa ni mkono uliodhoofishwa.

3. KAGUA KABLA YA KUFUNGA

Plau iliyokaa miaka 20 nyuma ya ghala hufichwa na kutu na majani. Isafishe kwa brashi ya waya, kisha kagua haya:

Fremu. Tafuta nyufa, hasa penye viungo vya kuchomelea na kwenye nguzo zinazoshika diski. Ufa kwenye nguzo ni kazi ya fundi wa kuchomelea. Waya na kamba havitoshi.

Diski. Pima upana wa kila moja. Zote ziwe sawa au karibu sawa. Diski iliyolika ikichanganywa na mpya, plau haitalala sawa hata ufanye nini. Ukingo ukiwa butu, unaweza kunolewa. Vaa glavu nzito, kwa sababu hata diski ya zamani inakata.

Beringi. Shika diski kwa mikono miwili, itikise, kisha izungushe. Ikicheza sana au ikikwaruza, beringi imekwisha au imelegea. Tia grisi mpaka uone ile ya zamani, nyeusi, inatoka na mpya inafuata.

Gurudumu la nyuma. Lazima lizunguke bila kukwama. Mara nyingi ndilo limeshika kutu kuliko vyote.

Bolti. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu jioni, uzifungue kesho yake. Ukilazimisha siku hiyo hiyo utazikata.

Kwenye trekta, hakikisha matairi mawili ya nyuma yana upepo sawa. Tairi moja likiwa laini, trekta hulala upande, nawe utahangaika kusawazisha plau kumbe kosa liko kwenye tairi. Angalia mafuta ya haidroliki, breki zote mbili, na usukani.

4. KUFUNGA, HATUA KWA HATUA

Plau iwe imekaa kwenye sakafu ngumu, imara, ikiegemezwa kwa magogo isianguke. Kazi hii ni ya watu wawili: dereva na msaidizi. Kubalianeni ishara za mikono kabla ya kuwasha injini, kwa maana kelele zitazuia maneno. Msaidizi hasimami kati ya trekta na plau wakati trekta linatembea. Hata kidogo.

Kwanza: Dereva arudi nyuma polepole, kwa gia ya chini, mpaka ncha za mikono ya chini ziwe karibu na pini za plau. Ashushe mikono ilingane na pini. Kwenye Ford 8N kumbuka kwamba pampu ya haidroliki inaendeshwa na shafti ya PTO. PTO isipowashwa, mikono haipandi, na ukikanyaga klachi, inasimama. Kwa hiyo shafti ile itakuwa inazunguka ingawa plau haiitumii. Hakikisha kifuniko chake kipo, na mavazi yenye ncha zinazoning'inia, kama shuka au skafu, yabaki nyumbani.

Pili: Zima injini. Weka breki. Kisha ndipo msaidizi aingie nyuma.

Tatu: Funga mkono wa kushoto kwanza. Sababu ni kwamba mkono wa kulia una kifaa cha kuzungusha kinachoupandisha na kuushusha. Ukianza na kulia utapoteza faida hiyo.

Nne: Zungusha kifaa cha kulia mpaka mkono wa kulia ulingane na pini yake, uingize.

Tano: Funga mkono wa juu. Huu una skrubu pande mbili. Uzungushe kurefusha au kufupisha mpaka pini iingie bila kupigwa nyundo.

Sita: Kila pini lazima iwe na pini ndogo ya usalama. Msumari si pini ya usalama. Waya wa uzio si pini ya usalama. Ile halisi ni bei ya soda, nunueni kumi mziweke kwenye kopo.

Saba: Cheni za pembeni zinazozuia mikono kuyumba, ziache na nafasi kidogo. Plau inahitaji kucheza kidogo kushoto na kulia ili ifuate njia yake. Lakini zisiwe legevu mpaka mkono ufike kwenye tairi.

Nane: Washa, inua plau polepole, sentimita chache tu, huku msaidizi akiwa pembeni, mbali, akiangalia magurudumu ya mbele ya trekta. Yakianza kuelea, plau ni nzito kuliko pua ya trekta. Ongezeni vyuma vya uzito mbele kabla ya kwenda popote.

Kufungua ni kinyume: shusha plau mpaka ikae chini imara, zima injini, toa mkono wa juu, kisha wa kulia, mwisho wa kushoto.

Kamwe usiingie chini ya plau iliyoinuliwa, hata kufunga bolti moja. Haidroliki ya zamani huvuja ndani kwa ndani, na plau hushuka yenyewe bila kutoa taarifa.

5. KUISAWAZISHA KABLA YA KWENDA SHAMBANI

Mkishaanza kulima, magurudumu ya kulia ya trekta hutembea ndani ya mfuo, yaani mtaro ulioachwa na plau kwenye pasi iliyopita. Magurudumu ya kushoto hubaki juu, kwenye ardhi ambayo haijalimwa. Trekta basi huwa limelala upande wa kulia. Plau ikifungwa sawa na trekta lililosimama wima, shambani itakuwa imepinda.

Mafundi wa zamani wana njia rahisi. Endesha magurudumu ya kushoto, la mbele na la nyuma, juu ya mbao pana zilizopangwa kwa kimo sawa na kina unachotaka kulima, tuseme sentimita 15. Zuia magurudumu kwa kabari, zima injini. Sasa trekta limelala kama litakavyolala shambani. Shusha plau sakafuni, kisha:

Simama nyuma, mbali kidogo, uangalie fremu kutoka kushoto hadi kulia. Zungusha kifaa cha mkono wa kulia mpaka fremu ilingane na sakafu.

Simama pembeni, uangalie fremu kutoka mbele hadi nyuma. Tumia mkono wa juu. Ukiufupisha, pua ya plau inashuka na diski ya mbele inakwenda chini zaidi. Ukiurefusha, diski ya nyuma ndiyo inashuka. Unataka diski zote ziguse sakafu pamoja.

Halafu pembe za diski. Kuna mbili. Ya kwanza ni jinsi diski inavyoelekea mbele kulingana na mwendo wa trekta; kawaida ni nyuzi 42 hadi 45. Ya pili ni jinsi diski inavyolala nyuma kutoka wima. Kawaida ni nyuzi 15 hadi 25. Plau nyingi zina matundu kadhaa ya kubadilisha hii ya pili. Kumbuka hivi: udongo mgumu, simamisha diski zaidi, udongo laini, ilaze zaidi. Diski zote ziwe kwenye tundu la namba moja. Nimeona watu wakihangaika nusu siku kwa sababu diski moja ilibaki kwenye tundu tofauti.

Sasa lile gurudumu la nyuma. Diski husukuma udongo upande wa kulia, na udongo nao huisukuma plau upande wa kushoto. Gurudumu la nyuma hukaa ndani ya mfuo na kuegemea ukuta wake wa kushoto ili kuzuia msukumo huo. Lisipofanya kazi, dereva atapigana na usukani siku nzima.

6. SHAMBANI: DALILI NA DAWA YAKE

Pasi ya kwanza ilime kwa kina kidogo, kama sentimita 10, mistari ikiwa imenyooka. Toka ya pili, magurudumu ya kulia yakiwa ndani ya mfuo, ongeza kina. Kwa mboga zetu, mchicha, maharage, mahindi, sukuma wiki, sentimita 15 hadi 20 zinatosha. Mwendo uwe wa mtu anayetembea haraka. Baada ya mita 20, simama, zima, shuka, uangalie kazi.

Plau haiingii ardhini: simamisha diski zaidi, noa ukingo, punguza mwendo, ongeza uzito kwenye fremu kwa vyuma vilivyofungwa kwa bolti. Usiweke mtu akae juu ya plau awe uzito. Naliandika hili kwa sababu linafanyika.

Diski ya mbele inazama, ya nyuma inaelea: refusha mkono wa juu kidogo, zungusho moja moja.

Upande mmoja wa pasi ni wa kina kuliko mwingine: rekebisha kifaa cha mkono wa kulia.

Trekta linavutwa upande: angalia gurudumu la nyuma la plau, kisha upana wa magurudumu ya trekta.

Udongo unaganda kwenye diski: sogeza kikwangulio karibu, bila kugusa diski. Ukiendelea kuganda, udongo ni mbichi mno. Rudini nyumbani.

Magurudumu ya trekta yanateleza: punguza kina, au toa diski moja.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu pamoja, plau ikitengemaa hutajua kilichoiponya.

7. LINI ULIME

Udongo wa Columbus na wa Buffalo una mfinyanzi mwingi sehemu nyingi. Mfinyanzi ukilimwa ungali na maji hugeuka kuwa mabonge kama matofali, na hayo mtayapiga kwa jembe mwaka mzima. Chimba sentimita 15, chukua udongo, ufinye mkononi. Ukisukumwa kwa kidole gumba ukatoka kama utepe unaong'aa, subiri. Ukivunjika punje punje, lima. Usipime wa juu tu, kwa kuwa jua hukausha juu huku chini bado kuna maji.

Baridi ya mwisho inayoua miche kwa kawaida hupita Louisville katikati ya Aprili, Columbus mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei, na Buffalo katika nusu ya kwanza ya Mei. Lima wiki kadhaa kabla ya kupanda ili upate muda wa kupitisha haro. Kwa mfinyanzi mzito, wengi hulima Oktoba au Novemba: maji yakiganda na kuyeyuka wakati wa baridi huvunja mabonge bila gharama. Usifanye hivyo kwenye mteremko, mvua itaondoka na shamba.

Na kabla ya plau kugusa ardhi mpya, fanya mambo matatu. Kwanza, mwenye ardhi akubali kwa maandishi kwamba mnaweza kulima kwa plau. Pili, piga simu namba 811 siku kadhaa za kazi kabla. Watakuja kuweka alama penye mabomba ya gesi na nyaya zilizozikwa, na huduma hiyo ni bure. Tatu, kama shamba liko mjini, karibu na nyumba za zamani au palipokuwa na kiwanda, pima udongo kama una risasi, ile madini yenye sumu. Rangi za nyumba zenye risasi zilipigwa marufuku Marekani mwaka 1978, lakini za zamani zimebanduka zikaingia ardhini, na watoto ndio huumia zaidi. Ofisi za ugani za kaunti, Jefferson kwa Louisville, Franklin kwa Columbus na Erie kwa Buffalo, zitakueleza namna ya kupima. Ukihitaji mkalimani, mwambie mfanyakazi wa kesi yako.

8. USALAMA: SOMA HATA KAMA UMECHOKA

Matrekta tuliyoyataja yalitengenezwa kabla ya vyuma vya kumlinda dereva linapopinduka. Sheria ya kazi ya Marekani inadai vyuma hivyo kwa matrekta yaliyotengenezwa baada ya Oktoba 25, 1976 yanayoendeshwa na waajiriwa. Ya zamani hayakuguswa na sheria hiyo, lakini mwili wako haujui tarehe. Trekta likiinuka pua na kupinduka nyuma, una chini ya sekunde moja kabla ya kufika mahali ambapo hakuna kurudi. Hakuna mtu mwenye mbio za kuruka kwa muda huo.

Uliza kama trekta lenu linaweza kuwekewa vyuma hivyo. Upo mpango wa kitaifa wa kurudishia wakulima sehemu ya gharama, unaitwa National ROPS Rebate Program. Mkivipata, fungeni na mkanda.

Usivute kitu kilichokwama kwa cheni iliyofungwa kwenye ekseli au kwenye mkono wa juu. Hivyo ndivyo pua inavyoinuka. Cheni ifungwe chini, kwenye chuma cha kuvutia.

Usiwashe trekta ukiwa umesimama chini kwa kugusanisha bisibisi kwenye stata. Kwetu tulizoea kufanya hivyo. Trekta likiwa kwenye gia litaondoka na kukukanyaga. Kaa kwenye kiti, gia huru, ndipo uwashe.

Kiti ni kimoja, mtu ni mmoja. Hakuna mtoto kwenye mapaja, hakuna mzee kwenye bawa la tairi. Najua kwetu ni vigumu kumwambia mzee ashuke. Mwambie kwa heshima, "Baba, shikamoo, naomba ushuke kwanza nipite." Huo si utovu wa adabu. Na kijana wa chini ya miaka 16 aliyeajiriwa kwa kawaida haruhusiwi kisheria kuendesha trekta lenye nguvu zaidi ya farasi 20, isipokuwa kwenye shamba la wazazi wake. Shamba la kikundi si la wazazi wake.

Barabarani weka nyuma ile pembetatu ya rangi ya chungwa inayoonyesha chombo cha mwendo wa polepole. Ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika Chuo Kikuu cha Ohio State, kule kule Columbus, na leo iko kila mahali.

Mwisho, andikeni anwani kamili ya shamba kwa Kiingereza kwenye mlango wa ghala, kwa herufi kubwa. Mashamba mengi hayana namba barabarani. Ajali ikitokea, mtu anayepiga 911 asome anwani hiyo hata kama Kiingereza chake ni kidogo, na aseme: "Tractor accident. We need an ambulance." Fanyeni mazoezi ya sentensi hizo kwenye mkutano, kila mtu, pamoja na mama zetu.

9. MANENO YA DUKANI

Muuzaji hatajua "mkono wa juu". Kata sehemu hii, iweke mfukoni.

Mkono wa juu: top link.
Pini ndogo ya usalama: lynch pin.
Bushi ya kupunguza tundu: reducer bushing.
Kikwangulio: scraper.
Gurudumu la nyuma la plau: rear furrow wheel.
Plau ya diski: disk plow. Ukisema "disk" peke yake watakupa haro.

Chukua picha ya kifaa kilichoharibika kwa simu, na upeleke chenyewe ikiwezekana. Chuma mkononi hakihitaji mkalimani.

10. KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya siku ya kulima, kaeni pamoja mjibu maswali haya na kuyaandika: Nani dereva, na nani msaidizi? Plau ikivunjika, nani analipa? Kama trekta ni la kuazima, mwenyewe ana bima, na inawahusu nyinyi? Nani ana funguo? Mara nyingi wazee wetu wana uzoefu wa mashine na vijana wana Kiingereza cha kusoma kitabu cha maelekezo. Waunganisheni wawili wawili, mzee mmoja na kijana mmoja. Kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake anakikosa.

Mkikwama, leteni picha za plau yenu ofisini siku yoyote ya kazi. Tutaangalia pamoja.

Kazi njema, na mavuno mema.